Mgeni, Jumamosi moja na Dar: umpeleke Posta au umpandishe njia ya Bagamoyo?

Shangazi yangu alishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Ijumaa usiku, akitokea Kongwa. Sijamaliza shikamoo akaniambia, "Marahaba. Bahari nimeiona mara mbili, mwanangu, maji ni yaleyale. Safari hii nionyeshe mambo ya watu." Tulikuwa na Jumamosi moja tu, maana Jumapili ilikuwa kipaimara cha mtoto wa binamu yangu, na Jumatatu alfajiri anageuza.

Mambo ya watu Dar yapo tele, ila hayakai pamoja. Huku kuna makumbusho, kule kuna wachongaji, na katikati yake kuna foleni. Kwa miaka niliyotembeza ndugu, nimeona mji una pande mbili ambazo kila moja inajaza siku nzima. Upande wa kwanza ni mjini kwenyewe, Posta ukiunganisha na Kisutu na Upanga. Wa pili ni njia ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho, Mwenge, Mikocheni, kisha unateremkia Oysterbay hadi Coco. Niliwahi kujitia ujanja wa kuzimaliza zote kwa siku moja nikiwa na wageni wa Iringa. Saa kumi jioni tulikuwa tumekwama makutano ya Morocco, hapahapa Dar, mtoto anataka kujisaidia, konda anasema vumilieni. Tulipofika Kijiji cha Makumbusho wapiga ngoma walikuwa wanakusanya ngoma zao waondoke. Kwa hiyo kabla hata sijalinganisha chochote: chagua upande mmoja ukae huko.

Tofauti yenyewe nitaisema mapema ili asiye na muda aishie hapa. Posta unaona vitu vilivyokwisha kufanywa. Njia ya Bagamoyo unamkuta mtu bado anafanya. Wapo wageni wa aina ya kwanza na wapo wa aina ya pili, na ukimkosea mmoja atakaa kimya siku nzima huku anaangalia simu.

Posta: siku ya miguu

Raha ya Posta ni kwamba ukishafika husumbuani tena na usafiri. Mwendokasi kutoka Kimara au Morocco unakushusha Posta ya Zamani au Kivukoni, halafu ni kutembea. Mimi huanzia Boma la Kale, karibu kabisa na bandari. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeutaka mji huu kabla Mjerumani hajaujua. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba ukiingia kutoka kwenye jua la saa nne unahisi umefungua friji. Ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, na hapo mgeni anaelezwa Dar ilivyokua kutoka kijiji cha Mzizima. Mtu akielewa hilo mapema, kila jengo mtakalolipita baadaye lina maana kwake.

Kutoka hapo unafuata ufukwe kulipita kanisa la Azania Front, unakata kwenda Samora, na kwenye mzunguko unamkuta Askari. Sanamu hiyo ya shaba iko pale tangu 1927, kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wengi wa Dar wameipita mara elfu wakiwa ndani ya daladala na hawajawahi kusoma maandishi yake, ambayo yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Simama usome. Kiswahili chake ni cha enzi nyingine na mzee yeyote atakifurahia.

Halafu Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Mtaa wenyewe una jina la mshairi, jambo ambalo peke yake linatosha kumchangamsha mwalimu wa Kiswahili kama unaye kwenye msafara. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Kubwa la kisasa limeongezwa nyuma yake. Hazina kuu ya hapa ni Zinjanthropus, fuvu lililookotwa Olduvai Julai 17, 1959. Aliyeliokota ni Mary Leakey, siku ambayo mumewe alikuwa amelala kambini na homa. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Wape watoto kazi ya kutazama magego: ni makubwa ajabu. Na hilo "Zinj" ndilo jina la zamani ambalo Waarabu waliita pwani yetu, ndugu wa jina Zanzibar. Mtoto wa darasa la sita akishika hilo moja tu, siku imelipa.

Kuna pia magari waliyotumia viongozi, likiwamo Rolls-Royce, na hapo ndipo wanaume wa familia hupotelea. Kwenye uwanja kuna kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Niliyekuwa naye mwaka juzi alikuwa mjini siku ile. Alikaa pale dakika kumi bila kusema neno, na mimi nikajifunza kutoharakisha watu mahali hapo.

Kasoro za upande huu ni mbili. Kwanza, makumbusho ni ya kusoma. Mgeni asiyependa kusimama kusoma vibao, au mzee ambaye macho hayamruhusu, atazunguka haraka na kukuuliza mnatoka saa ngapi. Pili, Jumamosi Posta inaanza kufa mchana. Maduka yanafungwa, barabara zinabaki na walinzi na paka. Jumapili ndiyo kabisa. Kwa hiyo ukichagua Posta, anza saa tatu asubuhi, na ifikapo saa nane uwe umeshahamia Kisutu.

Kisutu na tumbo

Kwenye chakula, nasema wazi, Posta inashinda, na si kwa sababu ya hoteli zake zenye viyoyozi. Ushindi uko Kisutu na mitaa ya jirani, kwenye mahekalu ya Kihindu na maduka ambayo familia moja imeuza kitambaa kwa vizazi vitatu. Asubuhi ni chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, kababu, kachori za viazi na chatne ya ukwaju. Mchana ni biriani. Jioni moshi unaanza kupanda pembezoni mwa barabara ya Morogoro, kuku na mishikaki juu ya makaa, meza zinatolewa hadi barazani. Unakuta baba wa Kihindi na wajukuu, vijana wa Kariakoo waliofunga duka, wageni wa Kizungu wenye mabegi mgongoni, wote wanasubiri kuku wale wale.

Kachori ya Kisutu nitaisema kidogo. Siyo ile kavu ya kwenye ndoo ya stendi. Hii inatoka kwenye karai mbele yako, ganda jembamba limeshika rangi ya dhahabu, ukiipasua mvuke unatoka na kuna ndimu ndani, siyo pilipili tupu. Unamwagia ukwaju, unakula kwa mikono miwili ukiwa umeinama mbele ili shati lisiharibike. Noti ya elfu kumi inamshibisha mtu mmoja asubuhi na chenji inabaki. Angalizo: mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za huku hazifungui mchana. Uzuri ni kwamba usiku wake ndio unachangamka kuliko miezi mingine yote.

Njia ya Bagamoyo ina Coco Beach. Mihogo ya Coco ni lazima, hilo sibishani na mtu: mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kusaga, mshikaki pembeni, dafu mkononi, upepo. Lakini ukishamaliza mihogo umemaliza. Kwingineko upande huu ni ama mama ntilie wa wali maharage pale Mwenge, ambaye ni mzuri lakini mgeni wako anaye kwao pia, ama migahawa ya Masaki ambayo bili yake inakufanya ukumbuke ada ya shule.

Njia ya Bagamoyo: siku ya mikono

Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, jirani na stendi ya daladala inayoitwa jina hilohilo, kwa hiyo hakuna wa kupotea. Kimekuwepo tangu miaka ya 1960. Ndani ya uzio, pembeni ya kelele zote za barabara, zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba za Wazaramo, Wachaga, Wanyakyusa na wengine, pamoja na vyombo vya ndani.

Shangazi alitembea taratibu kupita nyumba za wenzake, akitoa maksi. Wahaya aliwasifu kwa kusuka nyasi. Tulipofika kwenye tembe, akavua kandambili, akainama mlangoni, na kabla hajaingia akasema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, kana kwamba kuna mtu ndani wa kuitikia. Kisha nikamsikia anawaambia watoto wawili wa shule, ambao sijui hata walitokea wapi, kwamba paa la udongo lazima likanyagwe na kupigwa kila kabla ya mvua, na kwamba yeye akiwa msichana aliwahi kuchapwa kwa kucheza juu yake likatoboka. Mwongozaji aliyekuwa nasi aliacha kuongea, akasikiliza. Hilo huwezi kulipata mbele ya kioo.

Mwishoni mwa wiki huwa kuna ngoma mchana kuelekea jioni, na kuna misimu ambapo jamii moja inaalikwa kuonyesha mila, vyakula na michezo yake kwa siku kadhaa. Ratiba hubadilika. Piga simu kwanza, usije ukakuta ukimya. Kote kuwili, hapa na Makumbusho ya Taifa, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, basi beba kitambulisho usije ukabishana getini.

Kituo kinachofuata ni Mwenge, kwenye soko la vinyago. Wengi wanakosea hapa: wanaingia dukani. Usiingie dukani kwanza. Zunguka nyuma, unakosikia tezo linagonga, ukae na mchongaji robo saa. Kazi ya Kimakonde inaanzia kwenye gogo la mpingo ambalo nje ni jeupe na ndani ni jeusi. Mchongaji anaufuata weusi. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini zile sanamu za ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu, zina umbo la gogo: mti mmoja, hakuna gundi. Na unajifunza kutodanganywa. Mti wa kawaida ukipakwa rangi ya viatu unaonekana mpingo kabisa. Mchongaji mmoja mzee alinipa kitambaa kilicholowa na kuniambia, "Sugua, kaka. Mpingo hauogopi maji." Nilisugua kinyago nilichokuwa nimekinunua mahali pengine, kikaniachia weusi wote mkononi. Njia nyingine ni uzito. Mpingo ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama.

Mikocheni kuna Nafasi Art Space, ambayo imekuwepo tangu 2008 katika eneo la viwanda vidogo. Wasanii wana studio zao humo, nyingine ndani ya makontena, na kuna ukumbi wa maonyesho na jukwaa. Ni sanaa ya kisasa: uchoraji, usakinishaji, video, vitu ambavyo mgeni mwingine atakuuliza "sasa hii ndiyo nini?" Mwenye umri wa chuo atapenda. Shangazi niliruka naye, siyo kwa dharau, ila muda. Kama kuna onyesho la jioni siku hiyo, mpango mzima ugeuze uishie hapo, maana wakati wa mchana wasanii wengine hawapo na studio zinakuwa zimefungwa.

Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, ndipo ilipo jumuiya ya wachoraji wa Tingatinga. Historia yake inafaa kusimuliwa mkiwa ndani ya bajaji. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar kutafuta maisha kama sisi wote. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli juu ya bodi za mraba, na picha zikauzwa hapohapo kwa wanunuzi wa dukani. Miaka minne tu baadaye, 1972, aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Bei huko inazungumzika. Picha ndogo ya kuweka kwenye begi haikuumizi, kubwa ya ukutani inahitaji kikao. Ila angalia kama rangi imekauka. Rangi hii inachukua siku, na ukiikunja mapema picha inagandana na gazeti.

Kasoro ya njia ya Bagamoyo ni usafiri. Vituo vinne, na hakuna viwili vya kutembea kwa miguu na mzee. Bajaji nne kwa siku zinazidi nauli ya mwendokasi mara nyingi. Uzuri ni kwamba Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limepunguza adha ya kutoka Oysterbay kurudi mjini jioni. Unapita juu ya bahari hadi hospitali ya Aga Khan bila kugusa Daraja la Selander.

Usiku ni kesi nyingine

Usiku hauchaguliwi kwa ramani, unachaguliwa kwa umri na kwa nguo. Mwenye miaka hamsini kwenda juu anataka dansi, muziki wa bendi. Msondo, ambao walianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park ya mwaka 1978, bado ni majina ambayo yakitajwa mbele ya wazee wawili, lazima mmoja awe upande wa pili. Ukumbi hubadilika, ulizia wiki hiyohiyo, na usifike saa mbili ukidhani umechelewa. Mabomba ya tarumbeta yanapashwa moto taratibu.

Vijana wana singeli, iliyozaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na majirani zao. Mapigo yanapita 200 kwa dakika. Kama mgeni wako ana shinikizo la damu, achana nayo.

Taarab ndiyo ninayompendekezea mgeni ambaye hajawahi kuiona, hata kama hapendi muziki. Burudani nusu iko jukwaani na nusu iko ukumbini. Mwanamke anakaa mezani na shoga zake, sare zimetulia, hana habari. Ubeti fulani unaingia, ule wa mwenye wivu aliyeshindwa. Anainuka polepole, anapita katikati ya ukumbi hadi mbele huku amenyoosha mkono na noti, hamtazami mwimbaji hata kidogo. Anatazama meza nyingine. Anamtunza mwimbaji, anarudi kwa mwendo uleule. Meza ile nyingine inasubiri ubeti wake. Beba noti ndogondogo na usiinuke usipojua unamwambia nani nini.

Basi nani aende wapi? Watoto wa shule na wapenda historia, Posta, bila kusita, na uwanyanyue wakiwa na njaa mpaka Kisutu. Mtu wa mikono, fundi, mshonaji, mkulima, mama aliyejenga nyumba yake mwenyewe, njia ya Bagamoyo. Mgeni wa nje anayetaka zawadi ya kubeba, njia ya Bagamoyo pia. Wachumba? Posta kuanzia saa kumi, kuku wa mkaa, halafu dansi. Mwenye pesa kidogo, Posta. Mwenye miguu mibovu ana mtihani: Posta anatembea sana, kule anapanda na kushuka bajaji sana. Mimi ningemchagulia Kijiji cha Makumbusho peke yake na Coco, basi.

Shangazi, kama mmeshaona, nilimpandisha njia ya Bagamoyo. Oysterbay alisimama nyuma ya kijana aliyekuwa anamalizia picha ya kanga watatu, anadonoa yale madoa meupe kwa ncha ya brashi, moja moja, mamia. Akamwangalia weee, halafu akamwambia, "Mjukuu wangu, kazi nzuri. Lakini kanga hawana miguu myekundu." Kijana akacheka. "Bibi, hawa ni kanga wa Tingatinga." Shangazi akasema yeye amefuga kanga miaka thelathini. Wakabishana, kwa adabu, hadi kijana akachovya rangi nyeusi na kupaka miguu ya kanga mmoja. "Huyo wa kwako, hawa wawili wangu." Akainunua pale pale, ikiwa mbichi, kwa hiyo hakuondoka nayo. Niliifuata baada ya siku nne nikaituma kwa basi la Dodoma. Alhamisi akanipigia kwamba imefika na iko sebuleni, na kwamba kila jirani anayeingia anauliza hao kanga wawili wanaumwa nini.